Betri ya tochi kali: pima uzito kabla ya kuamini mAh

Betri ya lithiamu ya 18650 iliyoandikwa 9900 mAh (kipimo cha umeme uliomo) ni ya uongo, hata muuzaji aape vipi. Namba hiyo ya 18650 ni vipimo: upana milimita 18, urefu 65. Kwa ukubwa huo, betri nyingi za viwanda vinavyoaminika huwa kati ya 2500 na 3600 mAh. Ile nene zaidi, 21700, hufika 4000 hadi 5000. Ukiwa sokoni Kibuye, Kisumu, omba mzani mdogo. 18650 nzuri huwa na gramu 45 hadi 48. Ikiwa 35, irudishe mezani.

Baada ya uzito, uliza ampea. Hapa ndipo wengi hupotea, maana mAh ni kiasi cha umeme uliomo, nazo ampea ni kasi ya kuutoa. Tochi ya lumeni 1000 (lumeni ni kipimo cha mwanga) hula kama wati 10, yaani karibu ampea 3 kutoka betri moja. Ya lumeni 3000 huomba ampea 9 au zaidi. Betri isiyoweza kasi hiyo hupata joto, volti zinashuka ghafla, na tochi hufifia au kuzima ilhali chaji bado imo. Samsung 30Q ina 3000 mAh na hutoa ampea 15. Panasonic NCR18650B ina 3400 mAh lakini haikuundwa kwa mzigo mzito. Askari wa usiku anayewasha mwanga mdogo hadi alfajiri atafaidika na hiyo ya 3400. Mvuvi wa omena anayetaka mwanga mkali majini achukue 30Q. Betri zilizotolewa kwenye laptopu kuukuu tunazikataa kwa tochi kali: nyingi zimechoka, na hata zilipokuwa mpya hazikuwa za mzigo huo.

Pima pia nafasi ndani ya tochi. Betri yenye bodi ndogo ya kinga huwa ndefu zaidi, milimita 67 hadi 70, na huenda kifuniko kisifunge. Kichwa cha betri nacho kina aina mbili, bapa na chenye nundu. Tochi nyingine zina plastiki mbele ya mguso wa chanya, kwa hiyo kichwa bapa hakifiki. Usikubali fundi aongeze tone la risasi juu yake, kwani joto la kulehemu huharibu mpira unaoziba betri.

Tochi ya betri mbili zilizofuatana ipewe pacha: aina moja, umri mmoja, zichajiwe pamoja. Ukichanganya mpya na kuukuu, ile dhaifu huisha kwanza, kisha mwenzake huendelea kusukuma umeme ndani yake kinyume. Hapo ndipo betri hupasuka au kuwaka moto. Zikiwa zimeunganishwa pakiti moja ya volti 7.4, chaja iwe ya 8.4, na bodi ya kinga ibebe ampea zote za tochi.

Kuna jambo moja linalotutia hofu sana. Tochi nyingi za bei nafuu, zile zenye plagi ya kuchomeka ukutani, zina betri ya asidi ya volti 4. Usiweke lithiamu mahali pake. Chaja iliyomo ndani haijui kusimama kwenye volti 4.2, na lithiamu ikipitishwa hapo inaweza kushika moto ukiwa umelala. Nunua ya asidi nyingine, au tochi nyingine.

Ukifika nyumbani, chaji kwa ampea 1 hadi 1.5 na upime kwa mita: isome volti 4.2. Iache hadi kesho yake bila kuitumia. Ikisoma chini ya 4.1, irudishe dukani. Iliyokaa muda mrefu chini ya volti 2 isichajiwe tena kabisa. Kagua pia karatasi ya nje, kwani mwili wote wa betri ni hasi hadi kwenye ukingo wa kichwa. Mchaniko mdogo pale juu ukigusana na bomba la tochi unatosha kuleta shoti.