Kifaransa cha kukuokoa njiani: barua kwa mwanangu dereva

Kenya, Lubumbashi (mtaa, si ile nchi)

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, ya tatu nikiwa nimekaa chini. Unasema umekabidhiwa lori la kuja huku Kongo, Dar hadi Kolwezi kupitia Tunduma na Kasumbalesa, na unauliza: "Mama, nijifunze Kifaransa gani cha kunisaidia nikipatwa na shida?" Umefanya vema kuuliza mapema, baba. Madereva wengi ninaowauzia bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, huniuliza wakiwa tayari wamefungwa bandeji.

Kwanza nikutoe hofu. Ukipata ajali huku, atakayekuinua atakuinua kwa Kiswahili. Chetu kitakuchekesha, gari sisi tunaliita mutuka, na wewe utasikika kama mtangazaji wa redio, lakini mtaelewana. Kifaransa huanza pale shida ikishafika mezani, kwa askari mwenye kalamu, kwa daktari mwenye faili. Watazungumza nawe Kiswahili, kisha wataandika Kifaransa. Ndiyo maana sikupi sentensi mia. Nakupa chache za kuizuia kalamu isikukimbie.

Baada ya ajali utaandikiwa procès-verbal, wenyewe wanaita PV. Utasomewa haraka haraka, halafu utaambiwa uandike kwa mkono wako chini ya karatasi: "Lu et approuvé." Maana yake nimesoma na nimekubali. Sasa wewe umesoma nini? Umekubali nini? Hapo useme: "Je ne comprends pas bien le français. Je veux un interprète." Sielewi vizuri Kifaransa, nataka mkalimani. Wakikusukuma, ongeza: "Je ne signe pas ce que je ne comprends pas." Sisaini nisichokielewa. Ni ndefu, ila ifanyie mazoezi Tunduma ukiwa kwenye foleni, muda utakuwa nao. Wakikuweka ndani: "Je veux prévenir mon consulat." Nataka kuwajulisha ubalozi wangu. Ubalozi Mdogo wa Tanzania uko hapahapa Lubumbashi, na haki hiyo imo katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963, kifungu cha 36. Usiwatajie kifungu, utaonekana mjuaji. Taja consulat tu, na useme kwa upole. Tumia "vous", ndiyo "wewe" ya heshima, kamwe usimwambie mtu wa ofisini "tu", hiyo ni "wewe" ya kuzoeana. Ukitozwa faini, "un reçu, s'il vous plaît", risiti tafadhali. Neno hilo peke yake limewahi kupunguza faini mbele ya macho yangu.

Hospitalini ndiko ninakokuogopea zaidi, kwa sababu ya hicho Kiingereza chako cha shule. Kitakudanganya. Ukisikia "il est blessé", usidhani mwenzako amebarikiwa, wanasema ameumia. "Médecin" si dawa, ni daktari mwenyewe. Dawa ni "médicament". Na "caution" si onyo. Miaka ile nilikuwa nimempelekea mgonjwa wangu chakula kwenye kliniki moja, nikamkuta dereva wa Zambia amekaa kwenye benchi, utingo wake amelala pembeni mguu umevunjika. Mara tatu mhudumu alipita akimwambia "la caution, monsieur", naye mara tatu akaitikia kwa kichwa, kwa adabu kabisa. Alidhani anatahadharishwa. Kumbe anaambiwa aweke pesa ya dhamana ndipo mguu uangaliwe. Saa nzima ilipotea hivyo, mpaka mimi nikamweleza.

Halafu kuna hili la moyo. "J'ai mal au cœur", ukilitafsiri neno kwa neno, ni nina maumivu ya moyo. Lakini Mfaransa akisema hivyo ana kichefuchefu. Wewe Mswahili usishangae, maana nasi mtu akisema moyo unamchafuka hatumkimbizi kwa daktari wa moyo, tunamletea ndimu. Kifua kikikubana kweli, sema: "J'ai une douleur dans la poitrine." Uweke na mkono hapo kifuani. Mkono unaelewa lugha zote.

Moja ni yako binafsi. Kumbuka sindano ile uliyochomwa ukiwa na miaka sita, uso ukavimba mpaka macho yakafumba. "Je suis allergique à la pénicilline." Nina mzio wa penisilini. Hii usiiweke kichwani, kwa sababu siku utakayoihitaji huenda usiweze kusema. Iandike kwenye kadi kwa herufi kubwa, uitie pamoja na leseni. Leseni ndicho kitu cha kwanza watakachokutoa mfukoni.

Barabarani yenyewe maneno ni mepesi. "Je suis en panne", gari limeniharibikia. "Les freins ont lâché", breki zimekatika. "Il y a des blessés, appelez une ambulance", kuna majeruhi, iteni gari la wagonjwa. Na watu wakianza kumvuta majeruhi kwa mikono na miguu, piga kelele "ne le bougez pas", msimsogeze. Ukipiga simu kueleza ulipo, jihadhari na namba. Programu ya simu itakufundisha soixante-dix na quatre-vingt-dix za Ufaransa. Sisi tulifundishwa na Wabelgiji, 70 ni septante, 90 ni nonante. Mtu akikutajia namba ya fundi yenye septante ndani, usikae unahesabu vidole.

Kama watakupakia asidi ya migodini, na najua wataleta tu siku moja, jifunze hili kabla ya mengine yote: "C'est de l'acide, n'approchez pas!" Ni asidi, msikaribie! Lori likilala, watu wanakimbilia kuchota wakidhani ni mafuta. Februari 2019 lori la asidi lilipata ajali njia hii ya Kolwezi na likaua watu wengi. Ikimrukia mtu, "de l'eau, beaucoup d'eau", maji, maji mengi. Pale sema kwa lugha zote mbili, usichague.

Ukiibiwa, nisikilize vizuri. Usipige kelele "au voleur", wala "mwizi". Nimeona kijana akiuawa kwa neno hilo, na baadaye ikajulikana siye. Piga "au secours!", o-se-kuur, nisaidieni. Watakuja hao hao, ila watakuja kwako. Simu utanunua nyingine.

Na kitu ambacho hukukiuliza, kisicho na Kifaransa ndani yake: Tanzania na Zambia mnaendesha kushoto, huku ni kulia. Ukishavuka Kasumbalesa mwambie utingo akukumbushe kila mnapotoka kituoni, hasa asubuhi na mapema barabara ikiwa tupu. Makosa hufanyika hapo, hakuna gari la mbele la kufuata.

Kutoka mpakani mpaka kwangu ni kama kilomita 90. Usiingie usiku. Lala Kasumbalesa, nipigie, nitapika asubuhi. Shangazi yako mwambie anitumie dagaa, wale wadogo, si wale wa mwaka jana waliojaa mchanga.

Mama yako