Kwa Nini Balbu Ilivunjwa Jukwaani?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimesoma kwamba taa za umeme zilipoanza, watu walikusanywa hadharani ili waoneshwe matumizi yake. Je, mwanga wenyewe haukutosha kuwavutia? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, haukutosha, kwa kuwa miji mikubwa ya Ulaya na Marekani ilikwisha kuzoea taa za gesi. Thomas Edison alipowafungulia watu karakana yake ya Menlo Park, New Jersey, tarehe 31 Desemba 1879, walistaajabia taa zinazowaka bila kiberiti. Lakini mtu anaweza kustaajabia kitu na bado asikitake nyumbani kwake. Lililobaki moyoni ni hofu ya moto.

Aliyeijibu hofu hiyo vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni Richard D'Oyly Carte, mwenye ukumbi wa maigizo wa Savoy, London. Ukumbi huo ulifunguliwa tarehe 10 Oktoba 1881 ukiwa na taa za umeme zipatazo 1,200 za mvumbuzi Mwingereza Joseph Swan, ila jukwaa lilisubiri hadi tarehe 28 Desemba kwa sababu umeme haukutosha. Katikati ya muda huo, tarehe 8 Desemba, ukumbi wa Ringtheater wa Vienna uliteketea kwa moto ulioanzia kwenye taa za gesi za jukwaani, na mamia ya watu wakafa.

Siku jukwaa la Savoy lilipowashwa taa za umeme, Carte alisimama mbele ya watazamaji, akaifunika kwa melimeli balbu iliyokuwa ikiwaka, kisha akaivunja kwa nyundo. Taa ilizimika papo hapo, naye akawaonesha kitambaa hicho, ambacho hakikuwa na hata alama ya kuungua. Siri yake ni kwamba ndani ya balbu mlikuwa na uzi mwembamba wa kaboni, na hewa ilikuwa imenyonywa. Kioo kikipasuka, hewa huingia na kuuteketeza uzi huo mara moja, kabla haujawasha kitu kingine. Isitoshe, watazamaji waliondokewa na joto na hewa nzito ya gesi, kero waliyoivumilia kwa miaka mingi kumbini.

Hata hivyo, mabomba ya gesi ya Savoy hayakung'olewa. Yaliachwa tayari, ili mitambo ya umeme ikikwama watazamaji wasiachwe gizani, na hilo naliona kuwa uangalifu uliostahili kuaminiwa.