Barua kwa Mwanangu: Mama Aliyevutana na Kanisa Lake Bila Kulihama

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako nimeipokea na kumsomea baba yako, naye amefurahi kusikia kwamba umepata kanisa huko Washington na kwamba akina mama wa hapo wamekupokea kama binti yao. Umeniandikia kwamba wamekuomba uzungumze katika Siku ya Wanawake juu ya Nannie Helen Burroughs, yule mwalimu Mmarekani mweusi wa kanisa la Kibaptisti, ambaye jina lake limepewa barabara unayopita kwa basi ukienda kazini, na kwamba ulipoanza kumsoma ulikwama, kwa sababu huku anaitwa mtumishi mwaminifu wa kanisa na kule inaelezwa alivyovutana na viongozi wa kanisa hilohilo kwa miaka mingi. Ukaniuliza: "Mama, huyu alikuwa mtumishi wa kanisa au mpinzani wake?" Nilifundisha historia mpaka nilipostaafu, na nimekuwa katika umoja wa akina mama tangu hujazaliwa, kwa hiyo swali hili limenigusa sana.

Mimi naamini alikuwa mtumishi, na kwamba mvutano wenyewe ulitokana na utumishi huo. Nitakueleza kwa nini.

Alizaliwa Orange, Virginia, mwaka 1879, katika familia iliyokuwa imetoka utumwani miaka michache tu nyuma. Mama yake, Jennie, alimchukua angali mdogo akahamia naye Washington ili apate shule, huku yeye mwenyewe akifanya kazi za majumbani. Binti akasoma M Street High School, akawafahamu wanawake weusi wasomi kama Anna Julia Cooper na Mary Church Terrell waliokuwa mfano kwake, akahitimu kwa sifa mwaka 1896. Aliomba kufundisha maarifa ya nyumbani katika shule za mji huo, akanyimwa. Yeye aliamini kwamba alinyimwa kwa sababu ngozi yake ilikuwa nyeusi mno machoni pa wakubwa, wakiwamo weusi wenzake, na kwa sababu hakuwa na ndugu mwenye cheo wa kumsemea. Hapo ndipo alipoazimia kwamba siku moja ataanzisha shule yake mwenyewe, ambayo binti wa mpishi na binti wa dobi wataingia bila kuhitaji kujuana na mtu.

Baadaye alikwenda Louisville, Kentucky, akawa karani katika ofisi ya misheni za nje ya National Baptist Convention, yaani umoja wa kitaifa wa Wabaptisti weusi. Ofisi hiyo ndiyo iliyomtuma Emma DeLaney kwenda Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, kufanya kazi pamoja na Mchungaji John Chilembwe huko Chiradzulu. Kwetu sisi tuliozaliwa Kyela, ambao Malawi ni ng'ambo ya mto Songwe tu, jambo hilo linamsogeza mama huyu karibu kuliko unavyodhani.

Mwaka 1900, akiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, alisimama mbele ya mkutano mkuu wa Wabaptisti mjini Richmond akazungumza juu ya namna akina dada wanavyozuiwa kusaidia. Fikiria hali ya ukumbi ule: wachungaji wazima wamekaa, na karani kijana anawaambia kwamba wanawake wao wana hali ya kutoridhika iliyo ya haki, kwa sababu wanajaza viti, wanajaza kapu la sadaka, na hawapewi nafasi ya kuamua lolote. Wanawake walikuwa wamejaribu kwa miaka kadhaa kuunda umoja wao na wanaume wakawa wanaukwamisha. Mwaka huo ukapatikana. S. Willie Layten akawa mwenyekiti, Nannie akawa katibu. Soma taarifa aliyoitoa baada ya mwaka wake wa kwanza: alifanya kazi siku 365, akasafiri maili 22,125, akatoa hotuba 215, akaandika barua 9,235. Alisafiri katika treni zilizowatenga watu weusi, na barua hizo ziliwaendea wanawake wa makanisa ambayo wakuu hawakuyajua hata kwa majina.

Hapa ningependa utulie kidogo, kwa maana wengi wanaomsifu hupita haraka. Wewe umekulia katika umoja wetu na umeona jinsi fedha inavyopatikana: mama anafungua pindo la khanga, anatoa noti iliyokunjwa mara nne, mhazini anaandika jina na kiasi katika daftari, na mwenye mia tano anaandikwa kama mwenye elfu hamsini. Kisha daftari linafungwa, fedha inapelekwa kwa mashemasi, na matumizi yake tunayasikia yakitangazwa. Nannie alilijua daftari la namna hiyo, na alichotaka ni kwamba wanawake walioliandika wawe na sauti hadi mwisho wa safari ya fedha yao.

Shule yake ilifunguliwa Oktoba 1909 huko Lincoln Heights, mjini Washington, juu ya kilima, katika nyumba chakavu ya shambani, ikiwa na wanafunzi wachache wa kuhesabika kwa vidole. Sehemu kubwa ya michango ilitoka kwa wanawake weusi wenyewe, senti kwa senti. Maggie Lena Walker, yule mama wa Richmond aliyeanzisha benki, alitoa dola 500. Wasichana walifundishwa upishi, ushonaji, uchapaji, kutengeneza viatu na kilimo cha bustani, na kila mmoja alilazimika kusoma historia ya watu weusi. Aliwahimiza mambo matatu: Biblia, kuoga na ufagio. Kauli mbiu ya shule ilisema kwamba wao wamebobea katika yale yasiyowezekana kabisa. Wapo waliomlaumu kwamba anaandaa watumishi wa ndani. Lawama hiyo siikubali. Wanawake wengi weusi wa wakati ule walikuwa hawana kazi nyingine ya kupata, naye alitaka kazi hiyo iwe taaluma yenye ujira na heshima. Ndiyo maana mwaka 1921 alishirikiana na wenzake kuanzisha chama cha kuwatetea wanawake wa kipato cha chini.

Sasa nakuja kwenye mgogoro wenyewe. Viongozi wa umoja wa kitaifa walitaka shule iwe mali yao, na Nannie alikuwa ameiweka chini ya bodi huru ya wadhamini. Wao walisema fedha ni ya Wabaptisti, kwa hiyo shule ni yao. Yeye aliona kwamba ikiingia mikononi mwao, wanawake walioijenga watabaki watazamaji. Mvutano ukaendelea, na mwaka 1938 umoja huo ukaondoa msaada wake kwa shule. Tazama alichofanya. Hakuanzisha dhehebu lake, wala hakuacha kanisa lake la Nineteenth Street alilolelewa tangu utotoni. Wanawake wengi waliendelea kumchangia, na mwaka 1948 walimchagua kuwa mwenyekiti wa umoja wao, kazi aliyoifanya hadi alipofariki Mei 1961. Kanisa lilikuwa nyumbani kwake, na mtu hahami kwao kwa sababu amegombana na kaka zake juu ya shamba.

Nje ya kanisa alisimama vilevile. Alimkosoa hadharani Rais Wilson kwa kukaa kimya watu weusi walipokuwa wakiuawa na makundi ya watu, na serikali ikaanza kumfuatilia. Rais Hoover alimweka aongoze kamati ya kuchunguza makazi ya watu weusi. Mwaka 1954 alimwalika mchungaji kijana, Martin Luther King, ahutubie wanawake wa umoja wake, kabla jina lake halijajulikana duniani.

Mwanangu, Siku ya Wanawake unayoombwa kuzungumza ni yeye aliyeianzisha katika makanisa hayo, miaka michache baada ya Richmond. Alilalamika baadaye kwamba makanisa mengi yameigeuza kuwa siku ya changizo tu, ilhali lengo lake la kwanza lilikuwa kuwainua wanawake na kuwazoesha kusimama na kusema mbele ya watu. Kwa hiyo usikatae. Wasomee taarifa yake ya mwaka wa kwanza, uwaeleze mgogoro wa shule bila kuuficha, na mchungaji akiwa amekaa mbele, useme na yeye pia, kwa heshima.

Baba yako anakusalimu, na wadogo zako. Akina mama wa umoja wanaulizia lini utakuja.

Mama yako akupendaye