Daraja lisilo na barabara: msimwage kifusi kwanza

Dada, umesema daraja limesimama bila barabara, mkandarasi kaondoka, watoto wanalipanda kwa mbao, na kijiji kinataka kuchanga pesa za kifusi. Nawasihi msubiri. Udongo usioshindiliwa tabaka kwa tabaka, bila makalvati ya kupitisha maji, huchukuliwa na mvua. Tena mtafukia ushahidi wa kazi iliyoachwa.

Ulizeni kwanza barabara ni ya nani. Ya jamii ni ya kaunti ndogo; ya wilaya, muoneni mhandisi wa wilaya; barabara kuu sasa ziko Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, maana UNRA, mamlaka ya barabara kuu za Uganda, ilivunjwa mwishoni mwa 2024. Kisha iandikieni ofisi hiyo barua kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2005, mkiomba mkataba, michoro na malipo yaliyokwisha kutolewa. Ofisi ina siku 21 kujibu. Nakala yenu igongwe muhuri wa mapokezi. Bila huo watasema hawakuiona. Wakinyamaza, nendeni kwa Inspekta Mkuu wa Serikali, IGG, anayechunguza rushwa serikalini, mkiwa na picha zenye tarehe.

Ila zile mbao za watoto zisingoje barua. Mchango wenu uanzie hapo: mbao nene, misumari, na vishikio pande zote mbili, wiki hii.