Kipimajoto cha langoni si cheti cha afya

SWALI: Daktari, nina tiketi ya mechi ya Jumamosi. Uwanja hauna paa, mashabiki wamepunguzwa hadi nusu, na langoni kila mtu anapimwa joto kisha anapita kwenye handaki la kupuliziwa dawa. Nimechanjwa dozi moja ya chanjo ya korona. Tutakwenda wanne kwa gari la rafiki yangu. Ninaishi na mama mwenye kisukari. Je, bado kuna haja ya wasiwasi?

JIBU: Haja ipo, ila si pale unapopatazama. Kiti chako cha mahali pa wazi, jirani akiwa mbali, hakinitishi sana. Kinachonitisha ni imani yenu kwa hicho kipimajoto.

Kifaa kile kinasoma joto la ngozi ya paji la uso, basi. Mtu mwenye korona huanza kuambukiza takriban siku mbili kabla ya dalili kujitokeza, na wapo wasiopata dalili hata moja. Mwenye homa akimeza paracetamol kabla ya kutoka, langoni anasomeka 36.5 na anaingia. Shabiki mzima aliyesimama juani kwenye foleni ndiye anayezuiwa! Kisha wote mliopita mnaaminiana: barakoa zinashuka kidevuni, bao likiingia unamkumbatia usiyemjua. Nimechoka kueleza kwamba kipimo hiki hakijamsafisha mtu yeyote.

Sasa gari. Watu wanne, madirisha yamefungwa, mnaimba njia nzima. Kuimba na kupiga kelele hutoa matone mengi ya mate kuliko kupumua kimya. Na hatari haiko uwanjani pekee: mamlaka ya afya ya Uskoti ilihesabu wagonjwa 1,991 waliohusishwa na shughuli za Euro, mashindano ya soka ya Ulaya, mwezi Juni 2021. Waliosafiri kwenda London walikuwa 1,294, lakini waliosema waliingia uwanja wa Wembley kuitazama mechi dhidi ya England ni 397 tu. Kwa hiyo fungueni madirisha, vaeni barakoa garini, na usiende chooni wakati wa mapumziko, kila mtu anapokwenda.

Dozi moja ni mwanzo, si kinga kamili. Kwa mama, kisukari kinaongeza uwezekano wa kuugua vibaya, hivyo achanjwe naye. Ukirudi, vaa barakoa mkiwa pamoja na ule peke yako kwa siku kadhaa, kisha upime kati ya siku ya tatu na ya tano. Usikimbilie kupima kesho yake asubuhi: hata kama umeambukizwa, kirusi huwa bado ni kichache mno kuonekana.

Kuhusu handaki, nawaambia wasomaji wote na wenye viwanja pia. Tangu Mei 2020 Shirika la Afya Duniani limesema watu wasipuliziwe dawa ya kuua vijidudu kwa hali yoyote ile. Klorini inawasha macho, inaunguza ngozi na kubana kifua, wala haimponyi aliyebeba kirusi kooni. Akitoka upande wa pili anaendelea kukipumua nje vilevile. Anayewauzia mitambo hiyo anauza hofu yenu kwa bei ya juu. Omba kupita pembeni, na wakikataa, usiingie. Nanyi wenye viwanja, fedha hizo ongezeni milango ili foleni zisibanane, na vyoo vyenu vipate madirisha yanayofunguka.