Umekuja Kutubu au Kuombewa?

Bwana asifiwe, vijana wangu wa darasa la kukulia wokovu, na ninyi viongozi wapya mliosimikwa juzijuzi.

Ijumaa kwenye mkesha, saa saba usiku, kipindi cha mahitaji, kaka mmoja alisimama akaomba tumwombee Mungu aulainishe moyo wa ndugu fulani aliyekosana naye. Tukaomba kweli, spika zikakoroma, wengine wakapiga magoti kwenye sakafu. Huyo ndugu fulani alikuwa amekaa benchi la tatu kutoka hapo, karibu na feni. Hatua sita, nilizihesabu. Saa kumi na moja alfajiri mkesha ukaisha, wakapanda bodaboda mbili tofauti.

Nilifika nyumbani nikashindwa kulala, maana nimewahi kuwa huyo kaka, na bei niliyolipa haikuwa ndogo. Kwa hiyo nawaandikia haya machache, na mnivumilie nikiwa mkali.

1. Acheni kutenganisha kusikia na kutii. Mama akisema "mtoto huyu hasikii", hakuna anayemkimbizia mtoto kwa daktari wa masikio. Sote tunajua mtoto amesikia vizuri sana. Paulo anasema imani chanzo chake ni kusikia, Warumi 10:17, na huo mstari mmeukariri. Ila mwanzoni mwa waraka huohuo, 1:5, anasema alipewa utume ili mataifa wajitiishe kwa imani. Huo sijamsikia mtu akiusoma na maiki mkononi.

2. Maombi si mahali pa kujifichia. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka wa pili chuoni nilikuwa mhazini wa ushirika wetu. Michango ya safari ya kongamano la Pasaka ilikaa kwangu, noti tupu, ndani ya bahasha ya kaki chini ya godoro. Bumu, ile fedha ya kujikimu ya wanafunzi, likachelewa. Nikachukua elfu ishirini, nikaandika kikaratasi: "Nimekopa 20,000, nitarudisha bumu likitoka," nikakitia ndani ya bahasha ileile. Mpaka leo nikikumbuka nacheka. Nilijiandikia hati ya deni, nikaipokea mwenyewe, nikaitunza mwenyewe. Kikaratasi cha pili kikafuata, cha tatu, na baadaye nikaacha kuandika. Bumu lilipotoka lilikuta madeni ya mama ntilie na ya stationari yakilisubiri mlangoni. Nilipokuja kuhesabu, zilipungua 140,000.

Wiki mbili kabla ya safari, katibu akaniuliza kama tunaweza kutanguliza malipo ya Coaster. Nikamjibu, "Dada, fedha ipo kwa imani." Akasema, "Amina!" kwa furaha kabisa. Nimesema uongo mwingi maishani, lakini ule ndio pekee nilioutilia neno imani ndani yake, na ndio uliopokelewa vizuri kuliko wote.

Nikaingia kwenye mfungo wa siku tatu, kavu. Usiku nilikwenda kwenye chumba cha darasa kilichokuwa wazi, nikatembea huku na huku nikikemea roho ya upungufu. Siku ya pili ilikuwa zamu yangu ya kufundisha. Nikafundisha habari za Petro kutembea juu ya maji. Watu waliguswa, dada mmoja akalia. Mimi nilikuwa natetemeka kwa njaa, wao wakadhani ni upako.

Siku ya tatu jioni nikaenda kwa mama mlezi wetu, mstaafu, mtoto wa watu wa ule Uamsho wa Kikristo wa Afrika Mashariki. Nilimkuta barazani anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwambia, "Mama, kuna jambo linanilemea, naomba uniombee." Hakuinua macho. "Umekuja kutubu au kuombewa?" Nikasema vyote viwili. "Basi anza na hicho cha kwanza. Cha pili tutaona kama bado utakihitaji."

Nikamwaga yote. Hakuniwekea mikono. Alitoa jiwe moja dogo kwenye mchele, akalitupa uani, akasema: "Mwanangu, umejinyima chakula ambacho Mungu hakukukataza, ili usiseme neno alilokuagiza useme. Huyo katibu anakaa bweni gani?"

Kutoka kwake hadi bweni la katibu si mbali, lakini miguu ilikuwa inanikatalia. Siku zote tatu nilikuwa nimeamini kwamba Mungu anaweza kuniletea 140,000. Imani hiyo haikunidai chochote. Kwenye kizingiti cha katibu ndipo nilipodaiwa kuamini jambo jingine: kwamba Mungu ataendelea kuwa Baba yangu hata baada ya mlango huo kufunguliwa na jina langu kuharibika. Sikuwa na njia ya kuliamini jambo hilo nikiwa nimekaa kwenye kiti. Ilibidi nigonge.

Nikagonga. Dada wa watu alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza sana, kisha akasema, "Basi nirudishie ile Amina yangu."

Nilivuliwa uhazini. Wenzangu walikwenda kwenye kongamano kwa basi la kawaida, wengine wamesimama, mimi nikabaki. Nililipa 17,500 kila mwezi kwa miezi minane, na kila mara mhazini mpya alinipa daftari nisaini, bila tabasamu. Alifanya vizuri.

3. Kurudisha ni sehemu ya kuamini. Ndugu wa Uamsho ule uliowaka Gahini nchini Rwanda, na Uganda, miaka ya 1930 walijulikana kwa hilo: mtu anaokoka, kesho yake anabeba kitu alichoiba anakirudisha kwa mwenyewe. Zakayo naye aliahidi kurudisha mara nne ya alichonyang'anya, tena hakusubiri kuulizwa risiti.

4. Lakini msigeuze utii kuwa marejesho ya mkopo wa VICOBA. Mimi nilipomaliza mwezi wa nane niliota pembe. Nikawa mkaguzi wa wokovu wa watu, nani kachelewa ibada, nani kavaa nini, kama kwamba zile 17,500 nilikuwa namlipa Mungu. Someni Mwanzo kwa mpangilio wake. Sura ya 15 Ibrahimu anaamini, anahesabiwa haki. Sura ya 16 ana miaka 86, Ishmaeli anazaliwa. Sura ya 17 ana miaka 99 ndipo anatahiriwa. Yaani zaidi ya miaka 13 alikuwa mwenye haki kabla hajafanya agizo la tohara, na Paulo anaibana hoja hiyohiyo kwenye Warumi 4. Kisha inakuja sura ya 22, Isaka juu ya kuni, na hapo ndipo Yakobo anaposimama kusema, mnaona, imani ilikuwa inafanya kazi pamoja na matendo yake. Vijana mnapenda kuwagombanisha Paulo na Yakobo kwenye mijadala ya usiku. Mzee wanayemzungumzia ni mmoja, ila mmoja anamtazama alipopokelewa na mwingine anamtazama miaka mingi baadaye, akipanda mlima.

5. Msisubiri amani moyoni ndipo mtii. Wale wakoma kumi wa Luka 17, Yesu alipowaambia waende kwa makuhani, walitakasika wakiwa njiani, wala hawakukaguliwa ngozi kabla ya kuondoka. Na wewe kaka wa Ijumaa, Mathayo 5:24 inakwambia uiache sadaka yako uende kwanza. Hatua sita, ndugu yangu. Hata bodaboda huhitaji.

6. Usiombe ishara juu ya jambo lililokwisha kuandikwa.

7. Wahazini wapya. Imani, uaminifu, amana: maneno haya matatu ni ndugu wa tumbo moja. Fedha na daftari visilale chumba kimoja, kila mwezi mtu wa pili ahesabu, na ukiwa umekopa, hata elfu mbili ya vocha, sema leo. Daftari uniletee Jumapili baada ya ibada ya pili. Pamoja na risiti za maturubai, ambazo naambiwa "zipo".