Rangi za Mimea na Mafuta ya Ini: Chagua Chakula, Si Vidonge

Kipimo cha altrasaundi kilipoonyesha kwamba ini langu lina mafuta, ilhali sinywi pombe, nilikimbilia kununua vidonge vya kurkumini, yaani ile rangi ya njano iliyomo katika kiungo kiitwacho manjano. Daktari aliniamuru niviache siku hiyo hiyo, akanieleza kwamba vidonge hivyo, ambavyo dozi yake huzidi mno ile ya kiungo cha chakula, vimewahi kuwadhuru ini baadhi ya watumiaji. Namshukuru hadi leo.

Sikuacha kufuatilia habari za rangi za mimea, kwa sababu msingi wake wa kisayansi upo. Ini huhesabiwa kuwa na mafuta pale zaidi ya asilimia 5 ya seli zake zinapokuwa na matone ya mafuta, ambayo baadhi huletwa na damu na mengine hutengenezwa na ini lenyewe kutokana na sukari, hasa fruktosi. Katika maabara, anthosianini, rangi ya zambarau iliyomo katika zabibu nyeusi na maganda ya biringani, imeonekana kuamsha kimeng'enya kiitwacho AMPK, ambacho hupunguza utengenezaji wa mafuta ndani ya seli na kuhimiza yaliyopo yachomwe. Lakini seli za maabara humwagiwa rangi hiyo moja kwa moja, ilhali kwa mlaji ni sehemu ndogo sana inayofika kwenye damu bila kubadilishwa na utumbo, vijidudu vyake na ini. Ndiyo maana siamini tangazo lolote linaloahidi kusafisha ini.

Kosa langu lingine lilikuwa kula karoti na nyanya mbichi bila tone la mafuta, kwa hofu tu, kumbe karotenoidi, yaani rangi za njano, chungwa na nyekundu za mimea kama hiyo, huyeyuka katika mafuta, na likopeni, rangi nyekundu ya nyanya, hufyonzwa vizuri zaidi nyanya zikipikwa na mafuta kidogo. Juisi nazo nimeziacha, kwani ukishachuja tunda unabaki na sukari ile ile bila nyuzinyuzi zake.

Kinachopunguza mafuta ya ini kwa uhakika zaidi ni kupungua uzito. Kupunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito wa mwili huweza kutuliza hata uvimbe wa ini unaoletwa na mafuta hayo. Kwa hiyo mboga za rangi nakushauri uziweke mahali pa sehemu ya wanga uliozoea kula, wala usiziongeze juu ya sahani ambayo tayari imejaa.